Kabla hujanunua basi dogo lililotumika, soma karatasi ya ukaguzi mpaka chini

Muuzaji akikuonyesha cheti cha ukaguzi, kidole chake kitakuwa kwenye neno "limefaulu". Wewe shusha macho. Vya maana viko chini yake: maoni ya mkaguzi, namba za mashine ya breki na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Kufaulu maana yake siku ile, likiwa tupu, gari lilifikia kiwango cha chini kabisa. Basi.

Omba karatasi za miaka mitatu au minne na uzipange kwa tarehe. Kilomita zikipungua kati ya karatasi moja na inayofuata, mita imechezewa. Hapo aga uondoke. Kisha tafuta maoni yanayojirudia. "Kutu kidogo karibu na kishikio cha springi" ikiandikwa mwaka baada ya mwaka, ujue mwenye gari hutengeneza kile tu kinachomwangusha, na hiyo kutu sasa si kidogo tena. Kuanguka ukaguzi kwa sababu ya balbu au mpira wa waipa hakuna uzito. Gari lililoanguka kwa breki likafaulu kesho yake ndilo la kuliulizia risiti za vipuri.

Kwenye breki usitosheke na tiki. Mashine ya rola hupima kila gurudumu peke yake, kwa hiyo linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Tuseme mbele kushoto ni kilonyutoni 3.2 na kulia 2.0. Tofauti ni 1.2, gawanya kwa ile namba kubwa, unapata asilimia 37.5. Kwenye Umoja wa Ulaya tofauti inayozidi asilimia 30 ni kasoro kubwa, na hata pasipo na sheria hiyo, gari la namna hii litavuta upande mmoja ukikanyaga breki ghafla.

Chanzo cha mbele mara nyingi ni kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) iliyoganda au mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, ulioziba kwa ndani. Kutofautisha ni rahisi: inua gurudumu, weka stendi, mtu akanyage pedali na kuachia, halafu zungusha gurudumu kwa mkono. Likikaba, legeza kidogo nati ya kutolea upepo. Likiachia, presha ilikuwa imenaswa na mpira. Badilisha ya pande zote mbili. Likibaki limekaba, fungua kalipa uangalie pistoni na pini zake.

Nyuma, kama ni drami (breki iliyo ndani ya ngoma ya chuma), ifungue. Shuu (kipande kinachosugua ngoma) likiwa limelowa kimiminika chepesi, wili silinda (pampu ndogo inayosukuma shuu) inavuja. Likiwa na oili nzito yenye harufu kali, hiyo ni oili ya difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) iliyopita sili ya ekseli. Shuu lililokunywa oili halioshwi kwa petroli likarudishwa, hata fundi akiapa. Yanabadilishwa ya pande zote mbili. Na kabla ya kufunga sili mpya, angalia kipumuo cha difu, kitundu cha kutolea hewa. Kikiziba kwa tope, difu ikipata moto presha inasukuma oili nje, na sili mpya itavuja kama ile ya zamani.

Kuna kifaa kingine ambacho hata mafundi wazuri hukiruka: vali ya breki inayofuata mzigo. Inapatikana kwenye magari yasiyogawa breki kwa kompyuta, imefungwa juu ya ekseli ya nyuma na ina fimbo iliyoungana nayo. Abiria wakijaa, gari linashuka, fimbo inasogea, breki za nyuma zinaongezewa presha. Ikiganda kwenye nafasi ya gari tupu, mashine inaweza isionyeshe kitu, maana gari lilipimwa tupu. Likijaa watu ndipo nyuma inalegea na mbele inabeba kazi yote. Ukikuta fimbo imekatika au imefungwa kwa waya, hesabu gharama ya vali nzima.

Kwa miguu ya mbele, inua gurudumu na ulitikise ukishika juu na chini. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni bolu jointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika mguu wa gurudumu). Kutikisika ukishika kushoto na kulia mara nyingi ni tairodi endi (kiungo cha fimbo ya usukani) au raki ya usukani.

Tairi zisome ubavuni. Kina cha mifereji ya tairi cha milimita 1.6 ndicho cha chini kisheria katika nchi nyingi, lakini kwa gari la abiria mimi ningebadilisha kabla ya hapo. Namba nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia pia namba ya uwezo wa mzigo; 104 ni kilo 900 kwa tairi moja. Wapo wanaofunga tairi za gari dogo kwa sababu rimu inakubali, na tairi za hivyo hupasuka zikibeba uzito zisiouweza.

Kutu itafute chini ya ngazi ya mlango wa pembeni, kwenye vishikio vya springi za nyuma na mahali mikanda ya usalama inaposhikwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize. Bati zima lina mlio mkali, lililooza lina mlio mfu. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi chini ya gari nzima ni ya kushuku.

Ndani, vuta kila mkanda mpaka mwisho na uuachie. Kama gari lilikuwa la mizigo likaongezwa viti, angalia boliti kwa chini: ziwe na sahani pana za chuma, si washa ndogo juu ya bati jembamba. Mlango wa pembeni ukilazimika kunyanyuliwa ndipo ufunge, rola ya chini imekwisha. Taa ya indiketa ikififia unapokanyaga breki, tafuta athi mbovu (waya wa kurudishia umeme kwenye bodi) kwenye taa ya nyuma.

Ukaguzi haufungui klachi, giaboksi wala mkanda wa taiming, kwa hiyo fika asubuhi injini ikiwa baridi na uiwashe mwenyewe. Kama gari lina hita ya nyuma, fuatisha mabomba yake ya maji chini ya sakafu hadi mwisho. Yakitoboka kwa kutu, maji ya rejeta hupotea safarini bila alama kwenye injini, na watu huishia kubadilisha gasketi ya silinda hedi isiyo na kosa.