Naanguka hata nikienda polepole, nakosea wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mi nasafiri na pikipiki, safari hii nikasema niachane na lami nipite njia za msituni. Mvua ilipoanza ndo shida ikaanza, gurudumu la mbele linanitoka tu, jana nimetua chini mara nne na hapo natembea gia ya kwanza, miguu yote nimeshusha kama matengo ya ngalawa. Mwenzangu anasema nijaze upepo tairi ziwe ngumu. Halafu juzi nilivuka kijito injini ikazima katikati, nikapiga starti weee mpaka betri ikachoka. Nisaidieni. Mchafu wa Matope

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Huyo mwenzako mwambie atulie kwanza, kwenye tope upepo unapunguzwa. Tairi gumu linagusa ardhi padogo na meno yake yanaziba haraka, ukishusha mpaka psi (kipimo cha upepo) 12 hadi 15 hivi kwa pikipiki nyepesi ya porini linalala kidogo linapata pa kung'ata. Usishuke sana lakini kama unatumia tyubu, maana ukigonga mzizi tyubu inabanwa kwenye rimu inatoboka matundu mawili kama umeng'atwa na nyoka. Na beba pampu, ukirudi lami ujaze.

Sasa huo upolepole wako ndo unakuangusha. Mi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, nikiona tope naachia mafuta, na ukiachia mafuta uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la mbele linazama, usukani unakata, kwisha habari. Weka gia ya pili kabla hujaingia, simama kwenye vikanyagio, magoti yabane tenki, makalio nyuma kidogo, mikono ishike kama umeshika kifaranga, halafu mafuta yawe palepale mpaka utoke ng'ambo. Nyuma ikicheza iache icheze! Macho tupa mbele unakotaka kutokea, ukikodolea mtaro utaingia mtaroni. Breki ya mbele isahau kabisa ukiwa ndani ya tope. Mizizi iliyolowa ivuke kwa msalaba, usiipande kwa ubavu, na ukiwa juu yake usiguse breki wala usiongeze mafuta.

Hilo la kijito ndo limenitisha kuliko kuanguka kote. Maji hayabanwi kama hewa, yakiwa ndani ya silinda na wewe unapiga starti unaweza kupinda konrodi (mkono wa chuma unaoshika pistoni), hapo safari imeishia porini. Ikizimikia kwenye maji usiguse starti, isukume mpaka nchi kavu, fungua chujio la hewa, likiwa limelowa chomoa plagi ndo upige starti, utaona maji yanaruka kwenye tundu (kaa pembeni). Kausha plagi na chujio, rudisha, jaribu. Ila kabla ya yote chungulia oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameshaingia, usiwashe mpaka uimwage uweke mpya.

Na hizo anguka zako nne, moja nahisi si kosa lako. Tope la mfinyanzi linajazana kati ya tairi na madigadi ya mbele mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, linaburuzika tu. Tembea na kijiti, kila ukisimama likwangue.