Zambarau Hainunuliwi kwa Chupa

Juma lililopita kijana mmoja aliyeko Maskati, ambaye wazee wake walitoka Unguja, aliniandikia: "Assalaam aleikum dada. Tangi langu la maji chumvi limetimiza mwaka. Samaki wazima, maji yanang'aa, lakini mawe yamebaki meupe na kioo kinaota kijani tu. Nimemaliza chupa tatu za dawa ya kuleta rangi ya zambarau. Nakaribia kuuza kila kitu."

Usiuze, ndugu yangu. Ujumbe wako umenichoma kwa sababu mahali ulipo nilipapita, na nilipapita kwa machungu. Leo kioo cha nyuma cha tangi langu la lita 250 hapa Mombasa kimefunikwa chote na mwani wa chokaa: zambarau kwenye mwanga, waridi kwenye vivuli vya mawe, na kando ya pampu kuna mabaka ya damu ya mzee ambayo kila mgeni huyauliza. Najivunia na sifichi.

Sote tunaoweka maji chumvi ndani ya nyumba tunatamani jambo moja. Samaki wanapendeza, lakini anayetaka samaki wa kutazama tu angeweka wa maji baridi akapumzika. Sisi tunataka mwamba. Na mwamba haujawa mwamba mpaka uvae mwani wa chokaa, ule mwekundu mgumu ambao wataalamu huuita koralini. Haufanani na mwani unaolimwa Paje na Jambiani ukaanikwa juani. Huu hutia chokaa ndani ya kuta za chembe zake, ukashika jiwe kama ukoko wa wali ulivyoshika sufuria. Baharini ndio unaounganisha vipande vya matumbawe vilivyovunjika vikawa ukuta unaohimili mawimbi, na vitoto vya matumbawe vya aina nyingi, vikiwa bado vinaelea, huutafuta huu ili vitue juu yake. Anayekuambia ni urembo tu hajautazama vizuri.

Nilianza na mawe makavu, na nilikusudia. Huku kwetu nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, mepesi, yenye matundu. Niliyachagua hayo kwa sababu sikutaka jiwe lililong'olewa baharini likiwa hai. Nikayaloweka, nikayasugua, nikayapanga. Miezi ya mwanzo sitaihadithia, kwani kila tangi huipitia: utando wa kahawia, kisha manyoya ya kijani, kisha utulivu. Utulivu ulipokuja, mawe yalikuwa safi na meupe, na yakabaki hivyo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenzetu mmoja wa maji chumvi, mtu anayesikilizwa, alikuja nyumbani siku nina wageni. Akainama, akachungulia, akasema mbele ya watu wote: "Dada, mawe haya yamekufa. Yatupe, uanze upya." Nilimwandalia chai kama kawaida, lakini neno lile limekaa nami mpaka leo. Muuza vifaa niliyemwendea kesho yake hakuuliza swali hata moja kuhusu maji yangu. Alinyoosha mkono rafuni akanipa chupa. Ndani mlikuwa na unga laini wa chokaa uliotiwa majini. Tangi likawa na ukungu siku nzima, likatulia, na mawe yakabaki vilevile. Aliponiambia ninunue ya pili, pesa ile nilinunulia vipimo. Ule ndio uamuzi uliobadilisha kila kitu, na kila anayeniuliza humwambia hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Lakini vipimo peke yake haviotesi kitu. Mwani huu hauzuki wenyewe. Lazima uletwe ukiwa hai kutoka mahali ulipo, na watu wengi huliruka jambo hili. Unaweza kuwa na maji bora kuliko ya bahari yenyewe, na kama hakuna mbegu utakaa na mawe meupe mpaka uzeeke. Chupa ile haikuwa na mbegu.

Mbegu yangu ilitoka kwa mzee mmoja wa Kizingo aliyefuga samaki wa bahari tangu kabla hatujajua neno intaneti. Nilimwendea kumwuliza kuhusu pampu. Hakusema mengi. Alitia mkono kwenye tangi lake akatoa konokono wa bahari, gamba lake la pembe tatu limevaa zambarau tupu, akaniwekea kwenye mkebe wa maji yake. "Mpeleke, mwanangu. Atakufanyia kazi usiku na mchana." Konokono yule alizunguka mawe yangu akisafisha utando wa kijani, huku amebeba mgongoni kile nilichokitafuta. Baada ya miezi kadhaa, karibu na mdomo wa pampu, pale mkondo unapopiga kwa nguvu, niliona nukta ya waridi ndogo kuliko punje ya uwatu. Nilimwita mume wangu, nikawaita watoto. Sikumwita yule wa "mawe yamekufa."

Nukta zikawa tano, zikawa nyingi, kisha zikasimama. Kingo zikapauka. Nilipima kalisi, nikapata miligramu 415 kwa lita, karibu sawa na bahari. Wengi wangeishia hapo na kusema maji hayana tatizo. Nilipopima alkaliniti, yaani akiba ya kabonati majini, ambayo hupimwa kwa digrii, ilikuwa imeshuka mpaka digrii tano na nusu, wakati maji ya bahari yana karibu 7 na mimi nilitaka 8.

Hili ndilo la kulielewa kuliko mengine yote niliyoandika leo. Mwani wa chokaa, matumbawe na konokono wote hujenga kwa kalisi pamoja na kabonati, na vitu hivi viwili hutoka majini kwa uwiano maalumu. Alkaliniti ikishuka digrii 2.8, kalisi hupungua miligramu 20 tu kwa lita. Bahari ina kalisi zaidi ya 400, kwa hiyo kupungua kwa 20 hutakuona. Kipimo chenyewe kinaweza kukosea kiasi hicho. Lakini alkaliniti iliyotoka 8 ikafika 5 ni ujenzi uliosimama. Watu wanamimina kalisi kwa chupa ilhali kilichokwisha ni kile kingine.

Niliambiwa mara nyingi: "Wewe una bahari mlangoni, wapimani nini?" Bahari haina mwisho, tangi lina lita 250. Hata ukichota maji mazuri kabisa, wiki ya pili walioko ndani wamekwisha kula akiba. Na si kila maji ya bahari ni mazuri. Mimi huchota upande wa Nyali wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, kwa sababu hapo maji ya bahari kuu yamevuka mwamba na kuingia. Yakiwa yametoka, yaliyobaki ndani ya mwamba yamepata joto na uchafu wa pwani. Masika sichoti kabisa, na karibu na mlango wa kijito sichoti mwaka mzima. Nikifika nyumbani nayachuja kwa kitambaa, nayafunika gizani siku kadhaa kabla ya kuyatumia.

Basi nilipandisha alkaliniti kwa soda ya kuokea, ile ya kawaida ya dukani. Hesabu yake ni nyepesi: gramu 3 kwa kila lita 100 za maji hupandisha digrii 1. Iyeyushe kwanza kwenye maji yasiyo chumvi yaliyochujwa, mimina pole pole mbele ya pampu, na usipandishe zaidi ya digrii 1 kwa siku. Tafadhali usitumie magadi ya kupikia; magadi ya ziwani yana mengine ndani, floridi ikiwemo.

Siku hizi ninatumia zaidi maji ya chokaa, na hapa pia niwaonye watu wa pwani wenzangu. Chokaa ya tanuu tuliyorithi kwa wajenzi wetu ina majivu na udongo. Haifai tangini. Unatafuta haidroksidi ya kalisi safi, ile ya kutumika kwenye chakula au maabara. Gramu moja na nusu kwenye lita moja ya maji yasiyo chumvi, yakoroge, yaache yatuame, utumie yale maangavu ya juu peke yake. Maji haya huunguza, kwa hiyo weka mbali na watoto na vaa glavu. Yadondoshe tone tone usiku, badala ya yale maji ya kufidia mvuke. Kwa njia hiyo unarudisha kalisi na alkaliniti pamoja, kwa uwiano uleule unaotumika.

Mvuke nao ni adui wa kimya. Kwa joto letu la Februari na Machi, na feni inapuliza juu ya maji ili yasizidi digrii 27, tangi hupungua kila siku na chumvi hupanda. Fidia kwa maji yasiyo chumvi yaliyochujwa kila siku, chumvi ibaki gramu 35 kwa kilo ya maji. Usifidie kwa maji ya kisima cha mtaani. Mengi ya Mombasa yana chumvi yake na naitreti kutoka vyooni. Magnesiamu ishikilie karibu miligramu 1300 kwa lita, kwa sababu ikishuka, kalisi na kabonati huungana zenyewe majini zikaganda kwenye hita na pampu, na mwani wako haupati kitu. Fosfeti iwe kidogo sana, kwani huzuia chokaa kujengeka, tena hulisha manyoya ya kijani yanayoziba nafasi. Punguza chakula cha samaki. Wengi wetu tunawalisha mno.

Taa hazihitaji makelele. Koralini wa aina nyingi hupenda mwanga wa wastani, na ukiongeza taa kali ghafla utapauka mpaka uwe mweupe. Ongeza kidogo kidogo, na tangi usilitie jua la dirishani.

Neno langu kubwa ni hili: shikilia pale pale. Alkaliniti ya 8 kila siku inashinda 11 leo na 7 kesho. Sisi watu wa siku hizi tunataka jambo liwe kabla hatujaamka. Tunabadilisha taa, tunabadilisha chumvi, tunaongeza dawa, na kila badiliko linamrudisha kiumbe huyu nyuma, kwa maana yeye anajenga polepole sana. Nenda ukautazame mwamba wakati wa bamvua maji yakiwa yametoka, pale ukingoni ambapo mawimbi ya kusi hupiga. Waridi ile unayoiona imeshika pale kwa sababu maji yale hayabadiliki leo na kesho, na hayasimami.

Tena usiweke ndani wale wanyama wa miiba mirefu myeusi, hata kama vitabu vinasema wanasafisha mwani. Wanasafisha kweli, na zambarau yako wanaikwangua mpaka kwenye jiwe. Tim McClanahan na wenzake, ambao wametafiti miamba ya Kenya kwa miongo mingi, wameonyesha kwamba pale kikande, samaki wanaowala hao wenye miiba, wanapovuliwa kupita kiasi, wenye miiba huzidi, na mwani wa chokaa hupotea mwambani. Tulichokiharibu baharini tusikirudie sebuleni. Konokono watatosha.

Na nawasihi, msiende kuvunja mwamba. Nimeona mtu akibeba jiwe lenye waridi kwenye gunia, anasema ni moja tu. Kila mmoja wetu akichukua moja tu, baada ya miaka tutakuwa tunafuga kumbukumbu. Matumbawe yetu yalipauka na kufa kwa wingi mwaka 1998 bahari ilipopata joto, na yaliyorudi yamerudi kwa taabu, juu ya mwani huu huu. Hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968 na kuchukua chochote humo ni kosa. Biashara ya matumbawe magumu, pamoja na mawe yao, inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mbegu unaweza kuipata kwa mwenzako bila kumdhuru yeyote.

Yule aliyesema mawe yangu yamekufa amekuja mwezi uliopita. Safari hii alitazama muda mrefu, kisha akaniomba nimkwangulie. Nilimkwangulia, nikamjazia chombo chake, kwa sababu aliyenipa mimi hakuniuliza kama nastahili. Lakini nilimwambia neno lake liliniuma, na ni vizuri aliambiwa.

Kukwangua kwenyewe ni rahisi: kadi ya plastiki ya zamani kwenye kioo, pampu zikiwa zinazunguka, skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, umeizima kwa saa moja au mbili. Vipande na vumbi la waridi litachukuliwa na mkondo na kutua kwenye mawe. Ukipokea kutoka kwa mwenzako, mimina vyote karibu na pampu, pamoja na maji yake.

Walio Mombasa wanaotaka mbegu wanakaribishwa Jumamosi yoyote baada ya alasiri. Njoo na chombo chenye mfuniko ambacho hakijawahi kuguswa na sabuni, pamoja na daftari lenye alkaliniti, kalisi na chumvi ya tangi lako kwa wiki nne mfululizo. Asiye na daftari namkaribisha vilevile. Nitamwonyesha namna ya kupima, na tutakwangua siku atakayorudi nalo.