Maswali ya Wasomaji: Matumbawe Yanatuhusu Nini Sisi wa Kigoma?

Barua tatu tulizopokea mwezi huu zinagusa jambo moja, nasi tumeona vyema kuzijibu pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Binamu yangu alirudi kutoka Mafia na kipande cheupe, kigumu, chenye matundu madogo madogo, akasema ni tumbawe na kwamba huko watu wanakatazwa kuyavunja. Wazee wa nyumbani wanasema ni jiwe tu na hawaoni kwa nini serikali ilinde mawe. Je, tumbawe ni nini hasa, lina faida gani kwa nchi, na katika ziwa letu yamo? — Msomaji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, kipande hicho ni jiwe kweli, na wazee hawakukosea katika hilo, ila jiwe lenyewe limejengwa na wanyama. Tumbawe hai ni kundi la wanyama wadogo sana waitwao polipu, kila mmoja akiwa na kinywa kilichozungukwa na mikono myembamba ya kunasia chakula, ambao huchukua madini yaliyomo katika maji ya bahari na kujitengenezea kikombe kigumu cha chokaa. Polipu hufa, wengine huota juu ya mabaki yao, na baada ya maelfu ya miaka hutokea mwamba mkubwa unaoweza kupasua jahazi. Weupe mnaouona ni wa mifupa mitupu. Tumbawe lililo hai huwa la kahawia, kijani au zambarau, na sehemu kubwa ya rangi hiyo hutokana na mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya mwili wa polipu, ukitumia mwanga wa jua kutengeneza chakula ambacho mwenyeji wake hukitegemea kuliko kile anachokinasa mwenyewe. Ndiyo maana matumbawe yanayojenga miamba hustawi katika maji ya chumvi yaliyo maangavu, yenye joto la wastani na yasiyo na kina kirefu.

Kwa hiyo katika Ziwa Tanganyika hayamo. Yupo konyeza mdogo wa maji baridi, ambaye kinasaba ni ndugu wa mbali wa tumbawe, lakini yeye hajengi kitu. Kinachofanya kazi inayofanana na ya matumbawe katika ziwa letu ni miamba ya kawaida ya ufukweni, kama ile ya Gombe na Mahale, ambako wamo samaki wadogo wenye rangi za kila namna, wa zaidi ya aina 200, ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Tofauti moja inafaa kuzingatiwa na mtu wa biashara yako: dagaa na migebuka ni samaki wa maji ya wazi, hivyo kipato chako hakitegemei sana miamba hiyo. Mvuvi wa pwani mwenye ngalawa au mtumbwi hana nafasi kama hiyo, kwa sababu changu, tasi, chewa, pono, pweza na kamba koche anaowaleta sokoni huishi na kukulia katika matumbawe na majani ya bahari yaliyo jirani nayo. Mwamba ukifa, hana maji mengine ya kwenda, isipokuwa awe na chombo kikubwa na mashine ya kumfikisha mbali.

Matumbawe hayafiki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari duniani, lakini takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini huyategemea kwa namna fulani. Faida ya pili haionekani mpaka ikosekane: mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi kabla hayajafika nchi kavu, na vipimo vilivyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za dunia vinaonyesha kuwa kwa wastani hupunguza nguvu ya wimbi kwa asilimia 97. Hakuna ukuta wa saruji ambao halmashauri yoyote ya pwani ingeweza kuujenga kwa urefu huo.

Madhara yaliyofanywa na mikono yetu yanajulikana. Uvuvi wa baruti ulienea katika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960 na ukapigwa marufuku mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miongo kadhaa hadi msako mkali wa miaka ya karibuni ulipoupunguza sana. Mlipuko mmoja hugeuza kuwa kifusi mwamba ambao matumbawe yake ya mviringo hukua kwa sentimita moja hivi kwa mwaka, au pungufu, na kifusi hicho huyumbishwa na maji kiasi kwamba polipu wachanga hawapati pa kushika. Kokoro mnalijua hata huku Kigoma. Baharini huburuzwa juu ya matumbawe na kuyakata. Yapo pia matumbawe yaliyong'olewa yakiwa hai na kuchomwa kwenye matanuri ili kupata chokaa ya kujengea. Kisha lipo tope, ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha. Udongo unaosombwa na mito kutoka mashamba ya mbali hutia giza majini na kuwafukia polipu, na jambo hilohilo huipata miamba ya ziwa letu pale milima ya ufukweni inapokatwa miti.

SWALI: Nasoma sekondari Kasulu. Tumefundishwa kwamba matumbawe yanakufa kwa sababu bahari inapata joto, na joto hilo linatokana zaidi na moshi wa nchi tajiri. Kama ni hivyo, hifadhi zetu za bahari zina kazi gani?

JIBU: Swali lako ni zito, na sehemu yake ya kwanza ni kweli. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa, polipu humtoa mwani wake na tumbawe hupauka. Linaweza kupona joto likishuka mapema, lakini likichelewa hufa kwa njaa. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ilikufa kwa njia hiyo, Mafia ikiwemo. Hali ilijirudia mwaka 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika upaukaji mkubwa wa nne.

Hifadhi haipozi maji. Kinachofanyika ndani yake ni kuandaa mwamba uweze kurudi baada ya pigo. Tumbawe likifa, mwani mrefu huota haraka juu ya mifupa na kuwazuia polipu wachanga, isipokuwa wawepo samaki wa kuukwangua, kama vile pono na kangaja. Mahali walipovuliwa wote, mwamba hubaki shamba la mwani. Sisi wa Kigoma tuna mfano wa karibu: ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei 2024, lengo lilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua. Tofauti ni kwamba mwamba unahitaji miaka. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikafuatiwa na ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, na ya Silikanti, Tanga, mwaka 2009. Zanzibar ina kisiwa cha Chumbe, ambako baadhi ya waliokuwa wavuvi walifunzwa kuwa walinzi wa mwamba. Tena joto halipigi kila mahali sawasawa. Karibu na mkondo wa Pemba, maji ya kina hupoza baadhi ya miamba, na hiyo ndiyo ambayo ningeilinda kwanza kama fedha ni chache, kwa kuwa mbegu za kuotesha miamba mingine zinaweza kutoka huko.

SWALI: Nina duka la mapambo Tabora mjini. Je, naweza kuuza matumbawe makavu?

JIBU: Tunakushauri usifanye biashara hiyo. Matumbawe yote magumu yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama wake, hivyo mteja wako atakayevuka nayo mpaka bila kibali anaweza kunyang'anywa na hata kushtakiwa. Ukitaka pambo la bahari, weka picha au vinyago.