Camino Inca: usitue Cusco leo ukaanza kupanda kesho

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyefika Uhuru anaweza kutua Cusco, Peru, na kuanza kesho yake Camino Inca, njia ya kale ya Wainka iendayo Machu Picchu. Miguu itaweza, kichwa ndicho kitakachokusumbua. Kilimanjaro unapanda kwa miguu tangu chini; lango la Marangu halifiki hata mita 2,000. Ndege ya Lima inakutoa pwani na kukutua mita 3,400 ndani ya saa moja na nusu hivi, na Kilimanjaro ya mwaka jana haikusaidii kitu, kwa sababu mwili hupoteza mazoea ya mwinuko ndani ya wiki chache.

Ukitua, usilale Cusco. Chukua gari ushuke Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, ulale huko angalau usiku mbili. Magofu yake yana ngazi za kutosha kukupima pumzi. Cusco iache mwishoni.

Njia yenyewe ni kama kilomita 42, siku nne, kuanzia Km 82, kituo kando ya reli. Machu Picchu iko mita 2,430 tu, chini kuliko Cusco. Kazi iko katikati. Siku ya pili unapanda kutoka Wayllabamba, mita 3,000, hadi Warmiwañusqa, kipito cha juu kati ya milima, mita 4,215, kisha unashuka kulala Pacaymayo, karibu mita 3,600.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Anayeumwa kabla ya Warmiwañusqa hugeuka tu na kushuka. Akishavuka, Pacaymayo ni bonde lililo kati ya vipito viwili: mbele kuna Runkurakay, nyuma ni alikotoka, na kote huko ni kupanda. Kwa hiyo uamuzi ufanyike kabla ya kuvuka. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida. Lakini mtu akitapika mfululizo, akihema akiwa amekaa, au akishindwa kutembea mstari ulionyooka kisigino kikigusa kidole, ashushwe wakati huohuo, hata kama ni usiku.

Dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko ni acetazolamide, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha na utakojoa sana. Mwenye mzio wa salfa amwone daktari kwanza. Chai ya majani ya koka watakupa kila mahali. Inachangamsha, lakini si kinga, na anayepimwa dawa za kulevya kazini aiache kabisa.

Siku ya tatu inaua magoti. Wainka hawakuwa na farasi wala magurudumu. Barabara zao zilikuwa za miguu ya watu na llama, wanyama wao wa mizigo, ndiyo maana penye mteremko mkali waliweka ngazi tu. Kutoka magofu ya Phuyupatamarca hadi yale ya Wiñay Wayna unashuka karibu mita 1,000 juu ya mawe yasiyolingana. Beba fimbo mbili zenye vizibo vya mpira. Ncha za chuma tupu haziruhusiwi.

Vibali ni 500 kwa siku, na humo wamo waongozaji na wapagazi, kwa hiyo vya Mei hadi Agosti huisha miezi mingi mapema. Februari njia hufungwa. Huwezi kwenda bila kampuni yenye leseni, na kibali hakihamishiki: ukibadilisha pasipoti baada ya kukata, waarifu kampuni mapema na ubebe pia ile ya zamani.