Kutoa injini ya petroli, kutia 200Tdi ya dizeli kwenye Land Rover Series III uani kwako

Kuinua injini ndiko kunakowatisha wengi, na ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kinachokula wiki ni pale injini inapokutana na giaboksi, halafu vile vitu vidogo ambavyo dizeli huvidai na petroli haikuvijua.

Hapa tunasema Series III, zilizoundwa 1971 hadi 1985, zile zenye injini ya petroli ya cc 2,286. Injini ya 200Tdi, dizeli ya turbo ya cc 2,495, ilitoka na Discovery mwaka 1989. Bloku yake ni ya ukoo mmoja na hiyo ya petroli, ndiyo maana inafunga kwenye giaboksi yako bila bamba la kuunganishia, isipokuwa stadi (bolti zisizo na kichwa) moja mbili za kuhamisha. Injini za Kijapani ni imara na vipuri vyake viko kila duka, lakini bamba lazima, na fundi wa leithi akilichonga likakaa upande kidogo tu, beringi ya shafti ya giaboksi haitamaliza mwaka.

Ukinunua, chukua injini nzima: stata, alteneta, pampu ya vakyumu (ya kufyonza hewa), flaiwili na nyumba yake. Iliyotoka kwenye Defender ina turbo iliyokaa juu. Ya Discovery turbo yake iko chini, itagonga maunti (vishikio vya injini) na chesisi, na itabidi ubadilishe manifoldi au ukate chuma. Bei nafuu ya injini ya Discovery mara nyingi huishia kwa mchomeleaji.

Injini ikiwa bado chini, badilisha mkanda wa taiming pamoja na rola yake ya kukazia, na sili ya nyuma ya krenki. Ukiziacha utaifungua gari yote tena kwa ajili ya sili ya bei ya nauli.

Uani hapa Malindi, pwani ya Kenya, ni mchanga. Magurudumu ya kreni ya kukodi yatazama injini ikiwa hewani, kwa hiyo tandika mbao nene toka mbele ya gari hadi itakapotua. Wengine husimamisha boriti tatu za mikoko na cheni bloku ya tani moja. Inafaa, mradi miguu ifukiwe na kufungwa kamba isitanuke, na boriti ziwe nzima, si zile zilizotolewa kwenye dari bovu. Mzigo ni zaidi ya kilo 200. Bolti zitakuwa zimeliwa na chumvi: zipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla, usije ukakatia stadi ndani ya alumini.

Sasa kwenye klachi. Sahani ifuate meno ya shafti ya giaboksi, kava ifuate flaiwili. Jaribu sahani kwenye shafti kwa mkono kabla ya kufunga chochote. Angalia pia bushi ya katikati ya krenki: shafti iingie bila kulazimishwa na bila kucheza. Isawazishe sahani kwa shafti kuukuu, kisha tumia bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa kama viongozi. Injini ikikaa mlalo mmoja na giaboksi itateleza yenyewe. Ikibaki upana wa kidole haiingii, weka gia, mtu azungushe krenki taratibu kwa spana. Usiivute kwa bolti. Hapo ndipo sahani hupinda, na utajua siku ya kwanza barabarani, klachi isipoachia.

Breki zenye sevo, kile kinachokusaidia kukanyaga, zilikuwa zikivuta vakyumu kutoka manifoldi ya petroli. Dizeli haina vakyumu hiyo, kwa hiyo mpira wa sevo uende kwenye pampu ya injini mpya. Tangi nalo linataka paipu ya pili ya kurudisha dizeli, iingie juu ya tangi. Lioshe hadi harufu ya petroli iishe, maana pampu ya nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli huikausha.

Umeme ni mchache: waya wa swichi kwenda solenoidi ya kuzima, relei na waya mnene wa plagi za kupasha, alteneta, na waya wa ethi kutoka injini hadi chesisi. Huu wa mwisho ndio husahauliwa. Umeme wa stata ukikosa njia ya kurudi utapita kwenye kebo ya akselereta, na utaona plastiki yake ikitoa moshi.

Kutoa hewa kwenye paipu za dizeli, legeza skrubu ya filta na upampu kwa mkono kile kishikio cha pampu ya dizeli. Kishikio kikiwa chepesi hakivuti, zungusha krenki kidogo, kamu imekibana. Kisha legeza nati za nozeli na upige stata hadi dizeli ichuruzike. Oili ni kati ya lita 6.5 na 7 pamoja na filta.

Mwendo wa kwanza uwe hadi Gongoni na kurudi, si njia ya Sala Gate, lango la mbuga ya Tsavo East. Gusa redieta, tazama chini kama kuna tone, kaza maunti. Difu (gia za ekseli) za uwiano wa 4.7 zitaifanya injini ilie kwenye lami. Za 3.54 kutoka Range Rover au Discovery ya mwanzo huingia, ila mchangani Mambrui utatafuta gia ndogo mapema. Usiachie klachi kwa pupa mchangani: ekseli za nyuma hazikuundwa kwa nguvu hii, na hukatika ghafla.

Namba mpya ya injini ipelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, iingie kwenye logbuku kabla ya kufikiria kuuza.