Maswali na Majibu: Damu Isiyokata

*Bodaboda kaanguka, paja limechanika. Tukaweka gozi (vitambaa vya kufungia vidonda), zikaloa, tukaongeza mpaka zikawa kama mto wa kulalia. Damu haikukata. Tulikosea wapi? – Muuguzi, Buhongwa*

Mto huo ulikuwa unanyonya damu, haukandamizi. Toa zote mara moja, futa, tazama inakochuruzika, kisha bonyeza hapo hapo kwa vidole viwili juu ya gozi. Jeraha likiwa na kina, lishindilie gozi ndefu mpaka chini kabisa, lijae na kutokeza juu ya ngozi, halafu kandamiza kwa mikono miwili, viwiko vimenyooka, dakika 10 za saa ya ukutani. Usichungulie! Ukichungulia unang'oa donge lililoanza kushika, na unaanza kuhesabu upya. Idadi ya gozi ulizoingiza iandikwe kwenye faili, maana inayosahaulika ndani huozesha jeraha. Jeraha la kifuani au tumboni halishindiliwi.

*Majivu au kahawa vinafaa? – Msomaji, Igogo*

Hapana. Wala mafuta ya taa, wala dawa ya meno. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka.

*Wavuvi wakikatwa na propela huletwa wamefungwa kamba ya nyavu. Nilifundishwa kuilegeza kila dakika 15. – Tabibu, Ukerewe*

Sahau mafunzo hayo. Kila ukilegeza, anamwaga damu nyingine. Kamba nyembamba nayo huumiza mishipa ya fahamu, na mara nyingi hubana vena tu (mishipa inayorudisha damu moyoni) huku ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) ikiendelea kusukuma: mguu unavimba, damu inazidi. Tumia mkanda wenye upana wa sentimeta 4 au zaidi, uweke sentimeta 5 hadi 7 juu ya jeraha, si kwenye goti wala kiwiko. Kaza kwa kijiti mpaka damu ikate na mapigo ya mguuni yapotee. Atapiga kelele, mpe dawa ya maumivu, mkanda usiuguse. Andika saa uliyofunga. Baada ya saa 2 kiungo kinaanza kuwa hatarini, na kivuko cha Nansio hadi Mwanza kinazila zote. Kwa hiyo kama hayuko kwenye shoki (mwili kuishiwa damu ya kuzunguka), shindilia gozi na ufunge bandeji ya kukandamiza kabla ya safari, kisha legeza mkanda polepole ukitazama kama damu inarudi. Mkanda ubaki palepale, tayari kukazwa.

*Presha ya majeruhi ilikuwa 110/70, tukamweka kwenye benchi asubiri PF3 (fomu ya polisi). Akazimia. – Muuguzi mwanafunzi*

Presha huanguka mwisho. Kijana mwenye afya hupoteza karibu theluthi ya damu yake namba zikiwa bado nzuri. Shika kiganja: baridi na jasho? Mapigo zaidi ya 100? Bonyeza ukucha: rangi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde 2? Huyo ni wa kitandani, sasa hivi. Kanula (mirija ya kuingiza dripu mshipani) 2 nene, za kijivu au za chungwa, na damu ya kupima kundi ichukuliwe kabla ya dripu. Asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu) gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu aumie, si tangu afike kwako. Mfunike blanketi, mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Na acheni kukimbiza lita 2 za dripu baridi: zinazimua damu na kusukuma donge litoke. PF3 itamkuta wodini.

*Kisu cha sangara kimebaki tumboni, tuchomoe? – Msomaji, Kirumba*

Msikiguse. Kizungushieni bandeji nene pande zote kisiyumbe, mgonjwa asile wala asinywe. Kitatolewa chumba cha upasuaji.