Jitolee mpaka siku ya kukabidhi: kwa wanaoanza kazi za tovuti na usanifu

Wadogo zangu mnaomaliza vyuo hapa Moshi na Arusha, swali lenu nalisikia kila mara: kazi ya tovuti itapatikana vipi bila uzoefu, na uzoefu utapatikana vipi bila kazi? Nendeni mkajitolee, lakini chagueni mahali. Kampuni ya utalii yenye magari yake barabarani ikikuambia "njoo upate uzoefu", itajie bei. Kujitolea ni kwa wasio na uwezo wa kulipa: kikundi cha akina mama, shule ya kata, kituo cha watoto.

Mimi ujuzi wangu nilianza kuuthamini kwenye kikundi cha akina mama wa upande wa Kibosho, wauzaji wa kahawa ya kukaanga na asali. Mwenyekiti hakuniuliza rangi wala aina ya herufi. Alitaka mgeni aliyeshuka mlimani ajue wanapatikana wapi, bei ni kiasi gani na ampigie nani. Ukurasa wetu wa kwanza ulikuwa na hayo matatu tu, kwa Kiswahili na Kiingereza, namba ya simu ikiwa juu kabisa, ukiigusa inapiga. Simu zilipoanza kuingia, mama yule alikuwa akinieleza moja moja, nani kapiga na kaagiza nini. Darasani hakuna mtihani unaokupa jibu la namna hiyo.

Kazi ya kweli itakufundisha pia uzito wa picha. Picha ya simu inaweza kufika MB 4. Weka kumi kwenye ukurasa mmoja na umemlia mteja MB 40 za bando lake. Ipunguze upana hadi pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1,200 au chini ya hapo, uibane, na mara nyingi itashuka chini ya KB 300 bila jicho kuona tofauti. Jaribu ukurasa wako kwenye simu ya bei nafuu, mahali ambapo mtandao unasuasua.

Nembo nayo ina mambo yake. Ukiichora kwa pikseli, itapendeza kwenye simu na kuchakaa kwenye bango. Ichore kwa vekta, yaani kwa mistari inayokuzwa bila kuharibika, programu ya Inkscape inatosha na ni ya bure, ili ile ile ikae kwenye lebo ya pakiti na kwenye bango la mita tatu. Kisha nenda mwenyewe kwa mchapaji, ukae naye. Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine yake inatumia wino, na kijani kinachong'aa kwenye kompyuta hutoka kimepoa kwenye karatasi. Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa zote. Saa moja kwa mchapaji ina faida kuliko video nyingi za mafunzo.

Kwenye vituo vya watoto, usipandishe sura ya mtoto kwa sababu tu picha imependeza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mzazi au mlezi ana haki ya kuulizwa kwanza.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kukabidhi. Jina la tovuti, liwe .or.tz au .co.tz, lisajiliwe kwa jina la kikundi, kwa barua pepe ya kikundi, si yako. Nywila ziandikwe kwenye daftari linalokaa kwa katibu. Mfundishe mmoja wao kubadilisha bei na picha; WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, inamwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kufanya hivyo. Keti pembeni, mikono yako isiguse kibodi, mpaka aweze peke yake. Nimeona vikundi vikipoteza tovuti kwa sababu kijana aliyejitolea alihamia Dar na funguo zote anazo yeye, na ada ya mwaka ikaisha hakuna aliyejua.

Mkubaliane kwa maandishi kabla ya kuanza: kurasa ngapi, mpaka lini, nani analipa ada. Ukimaliza waandikie ankara yenye bei kamili ya soko, chini yake uandike punguzo la asilimia 100. Watajua walichopewa kina thamani gani. Na wewe andika saa zako kila siku, ili mteja wa kulipa akiuliza kazi kama hiyo ni shilingi ngapi, umjibu kwa hesabu.